Bila Viza si Bila Masharti: Taratibu za Kuingia kwa Watalii katika Nchi za Afrika Mashariki na Lugha ya Kuzieleza

Ikisiri

Nchi za Afrika Mashariki zimekuwa zikitangaza, moja baada ya nyingine, kwamba wageni kutoka mataifa kadhaa wanaweza kuingia bila viza. Matangazo hayo hupokewa kwa furaha, lakini mara nyingi hueleweka kana kwamba mpaka umefutwa. Makala haya yanafafanua maana ya kuingia bila viza, yanabainisha masharti yanayobaki baada ya viza kuondolewa, na yanaonyesha jinsi baadhi ya istilahi za Kiswahili zinazotumika mipakani zinavyoweza kumpotosha msafiri. Mifano imetolewa Kenya, Rwanda, Tanzania na Uganda, pamoja na Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hoja kuu ni kwamba kuondolewa kwa viza hujibu swali moja tu kati ya matano anayoulizwa msafiri, na kwamba Kiswahili, kikiwa lugha rasmi ya Jumuiya, hakina budi kuyataja maswali yote matano kwa maneno yasiyogongana.

1.0 Utangulizi

Tarehe 12 Desemba 2023, katika sherehe za Jamhuri, Rais William Ruto alitangaza kwamba kuanzia Januari 2024 mgeni kutoka pembe yoyote ya dunia hatahitaji tena viza ili aingie Kenya. Mwezi mmoja kabla, mjini Kigali, Rais Paul Kagame alikuwa ametangaza kwamba Mwafrika yeyote angeweza kuingia Rwanda bila viza wala malipo. Kwa msikilizaji wa kawaida, matangazo haya mawili yalisema jambo moja. Kiutekelezaji yalikuwa tofauti. Nchini Kenya, viza ilipoondoka, mahali pake palichukuliwa na idhini ya kielektroniki ya kusafiri, ambayo mgeni alipaswa kuiomba kwa njia ya intaneti na kuilipia dola 30 za Marekani kabla ya kuondoka kwao. Viza haikuwapo tena, lakini fomu, ada na kusubiri jibu vilikuwapo.

Pengo baina ya maneno ya tangazo na mambo yanayomkabili msafiri si suala la lugha tupu. Anayelipuuza hurudishwa kutoka uwanja wa ndege na kupoteza nauli, hutozwa faini kwa kuzidisha siku, au hujikuta akiitwa mhamiaji haramu katika nchi ambayo ingempokea bure kama angepita mlangoni. Kwa mkazi wa Afrika Mashariki, ambaye safari moja ya kuvuka mpaka huenda ikamgharimu akiba ya mwaka mzima, hasara hiyo ni kubwa.

2.0 Viza ni nini, na nini si viza

Neno viza limetokana na Kilatini, kwa maana ya hati "iliyoonwa", yaani iliyokwisha kukaguliwa na mwenye mamlaka. Asili hiyo inaeleza vizuri kazi yake. Viza ni ukaguzi uliotangulizwa: dola humtazama mgeni kabla hajafika, na huweka alama kwamba imemtazama. Haiwi ruhusa kamili ya kuingia. Katika nchi nyingi, mwenye viza halali bado anaweza kuzuiwa na ofisa uhamiaji iwapo atashindwa kutimiza masharti mengine.

Kwa Kiswahili, neno hili lina tatizo la tahajia ambalo si dogo. Baadhi ya waandishi huandika "visa", na hapo neno hugongana na wingi wa "kisa". Sentensi kama "wasafiri walieleza visa vyao" inaweza kuwa na maana mbili. Tahajia "viza", ambayo imekwisha kuzoeleka katika machapisho mengi, huondoa utata huo na ndiyo inayotumika katika makala haya.

Kuna namna nne za kumpokea mgeni ambazo katika mazungumzo ya kila siku zote huitwa "bila viza", ingawa zinatofautiana.

Ya kwanza ni msamaha kamili: mgeni hafanyi ombi lolote kabla ya safari, hufika mpakani na hati yake, na hupewa pasi ya mgeni. Hii ndiyo hali ya raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki wanapotembeleana kwa mujibu wa Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyotiwa saini Novemba 2009 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Kanuni zake za uhuru wa watu kusafiri zinampa mgeni pasi isiyolipiwa, ya kukaa hadi miezi sita.

Ya pili ni viza itolewayo mpakani. Mgeni haombi kitu akiwa kwao, lakini viza ipo, nayo hutolewa akifika. Rwanda ilianza kuwapa raia wa nchi zote duniani viza ya namna hii, ya siku 30, kuanzia tarehe 1 Januari 2018. Tanzania nayo huwapa wageni wa mataifa mengi viza wanapofika, ambapo mtalii wa kawaida hulipa dola 50, na raia wa Marekani hulipa dola 100.

Ya tatu ni viza isiyolipiwa. Ada imesamehewa, lakini hati yenyewe inabaki na masharti na muda wake. Kusema kwamba mtu "hatozwi viza" si sawa na kusema kwamba "hahitaji viza".

Ya nne ni idhini ya kusafiri inayoombwa kwa njia ya kielektroniki, kama ile iliyoanzishwa Kenya mwaka 2024. Kisheria si viza. Kwa matendo ni ukaguzi uliotangulizwa, jambo ambalo ndilo viza ilivyo kwa asili yake. Mwombaji wa idhini ya Kenya hutakiwa kuwa na pasipoti yenye uhai wa angalau miezi sita na ukurasa mtupu, picha yake, mpango wa safari na uthibitisho wa mahali atakapolala. Jibu hutarajiwa katika muda wa siku tatu za kazi. Maneno "za kazi" yana uzito hapa: anayeomba Ijumaa jioni akidhani atapanda ndege Jumatatu amehesabu siku ambazo ofisi haizihesabu.

Hali hizi nne hubadilika pia kwa uraia wa msafiri. Januari 2025 Baraza la Mawaziri la Kenya liliamua kuwaondolea idhini hiyo raia wa nchi zote za Afrika, isipokuwa Somalia na Libya kwa sababu za usalama. Raia wa nchi nyingine za Afrika wangekaa hadi miezi miwili, na wale wa Jumuiya hadi miezi sita. Ikumbukwe kwamba Somalia ilikuwa imekwisha kuwa mwanachama wa Jumuiya mwaka 2024. Hivyo, hata swali linaloonekana rahisi, yaani iwapo raia wa nchi mwanachama huingia Kenya bila ombi, halikuwa na jibu moja. Uanachama wa Jumuiya na msamaha wa viza ni mambo yanayokaribiana, si jambo moja.

3.0 Maswali matano ya msafiri

Masharti ya kuingia nchi ya kigeni yanaweza kupangwa katika maswali matano. Je, safari inahitaji kibali cha mapema? Hati gani inakubalika? Afya na mizigo ya msafiri vinatakiwa kuwa katika hali gani? Anakuja kufanya nini? Na atakaa hadi lini? Kuondolewa kwa viza hujibu swali la kwanza tu. Sehemu zinazofuata zinayatazama manne yaliyobaki.

3.1 Hati

Kifungu cha 9 cha Itifaki ya Soko la Pamoja kinataka raia anayesafiri awe na hati halali ya kusafiria, na kinaziachia nchi zinazokubaliana kutumia vitambulisho vya taifa kufanya hivyo. Kenya, Rwanda na Uganda zilikubaliana, na tangu mwaka 2014 raia wao wanatembeleana kwa vitambulisho vya taifa. Tanzania haikujiunga na makubaliano hayo. Kwa hiyo Mganda anayeweza kufika Nairobi kwa kitambulisho chake hawezi kudhani kwamba kitambulisho hicho hicho kitamfikisha Arusha. Namanga atatakiwa kuonyesha pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Wote wawili, yule wa Nairobi na yule wa Arusha, huingia bila viza. Kinachowatofautisha ni hati.

Pasipoti nayo ina masharti yake. Kuwa haijaisha siku ya safari hakutoshi. Nchi nyingi hudai iwe na uhai wa miezi sita mbele, na iwe na nafasi ya kugongewa muhuri. Jina lililoandikwa kwenye tiketi na kwenye fomu lilingane na lililomo katika pasipoti. Hapa utamaduni wa majina wa Afrika Mashariki huleta ugumu usiofikiriwa na watungaji wa fomu. Watanzania wengi huandika jina lao, la baba na la babu. Nchini Rwanda na Burundi, kwa desturi, ndugu wa baba na mama mmoja huweza kuwa na majina yasiyofanana kabisa. Fomu inapouliza "jina la ukoo", swali hilo halina jibu la asili katika familia nyingi. Jibu salama ni moja: kunakili jina kama linavyoonekana katika mstari husika wa pasipoti, hata kama nyumbani halihesabiwi kuwa jina la ukoo.

Kwa anayesafiri kwa ndege, mkaguzi wa kwanza wa hati si ofisa uhamiaji. Chini ya Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 kuhusu usafiri wa anga wa kimataifa na Kiambatisho chake cha 9, shirika la ndege hutakiwa kuhakikisha kwamba abiria ana hati zinazotakiwa aendako, na likimfikisha mtu asiyekubalika huwajibika kumwondoa. Ndiyo sababu mhudumu wa kaunta huuliza maswali yanayofanana na ya serikali, ikiwemo tiketi ya kurudi. Msafiri anayebishana naye kwa kusema "nchi ile haina viza" anajibu swali ambalo hakuulizwa.

3.2 Afya na mizigo

Cheti cha chanjo ya homa ya manjano ndicho sharti la afya linalojulikana zaidi katika ukanda huu. Uganda humtaka kila msafiri mwenye umri wa mwaka mmoja au zaidi awe nacho. Kenya na Tanzania huwataka wale wanaotoka katika nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, na Kenya na Uganda zenyewe zimo katika orodha ya nchi hizo. Kwa mujibu wa Kanuni za Afya za Kimataifa, cheti huanza kuwa halali siku 10 baada ya chanjo. Aliyechanjwa asubuhi ya safari ana cheti, lakini hana cheti halali. Kwa upande mwingine, tangu tarehe 11 Julai 2016 uhalali wa cheti hicho ni wa maisha yote ya aliyechanjwa, hivyo mwenye cheti cha zamani kilichoandikwa miaka 10 hana haja ya kuchanjwa upya.

Lugha ina mitego miwili katika eneo hili. Mtego wa kwanza ni jina la ugonjwa. Watu wengi hutumia "homa ya manjano" kwa maradhi yoyote yanayogeuza macho kuwa ya manjano, yakiwemo ya ini. Mtu aliyechanjwa dhidi ya homa ya ini anaweza kuamini kwa dhati kwamba amekamilisha sharti, kumbe ni chanjo nyingine. Mtego wa pili ni "kadi ya njano". Mipakani jina hili humaanisha cheti cha chanjo, na papo hapo humaanisha bima ya gari ya COMESA, ambayo dereva avukaye mpaka hutakiwa kuwa nayo ili kufidia ajali katika nchi aingiayo. Tanzania, ingawa si mwanachama wa COMESA, inashiriki katika mpango huo wa bima. Familia iendayo matembezini kwa gari lake hutakiwa kuwa na kadi zote mbili. Ikiambiwa "leteni kadi ya njano" na kutoa moja, haijui kama imejibu ombi au imelikosea.

Bima ya msafiri mwenyewe imeanza kuwa sharti pia. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Zanzibar inawataka wageni wa kigeni wawe na bima ya safari itolewayo na Shirika la Bima la Zanzibar, kwa dola 44 kwa mtu mzima. Mtalii aliyekamilisha taratibu za Tanzania Bara huweza kukutana na sharti hili akiwa tayari njiani kuelekea Unguja.

Mizigo nayo ina sheria zake. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania tarehe 1 Juni 2019. Nchini Kenya, adhabu iliyowekwa iliweza kufika shilingi milioni nne au kifungo cha miaka minne. Mgeni hafungwi kwa kufika na mfuko aliofungiwa viatu, lakini atauacha mlangoni. Jambo la kuzingatia ni kwamba masharti haya hayatokani na sheria za uhamiaji, na kwa hiyo hayatajwi kamwe katika matangazo ya kuondoa viza.

3.3 Kusudi la safari

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sheria za uhamiaji za leo zinasema kinyume chake: mgeni asipewe jembe hata siku ya mia. Pasi ya mgeni hutolewa kwa matembezi, kuona jamaa, matibabu, kupita njia na mambo mengine halali yasiyo ajira wala kujiajiri. Kanuni za Soko la Pamoja zimeweka utaratibu tofauti kwa mgeni, kwa mwanafunzi na kwa mfanyakazi. Raia wa nchi mwanachama anaweza kufanya kazi katika nchi jirani, lakini kwa mlango wa wafanyakazi, wenye vibali vyake.

Mstari huu huonekana wazi mpaka unapoguswa na maisha. Msomi aendaye kuwasilisha makala kongamanoni kwa siku tatu ni mgeni. Akiajiriwa kufundisha muhula mzima ni mfanyakazi, hata kama aliingia kwa pasi ile ile. Mpigapicha anayejipigia picha za kumbukumbu mbugani ni mtalii. Akilipwa kupiga picha za harusi ya watu wa huko, amebadilisha kusudi. Kosa la wengi halianzi na nia ya kuvunja sheria. Huanza na imani kwamba asiyehitaji viza hana haja ya kueleza alichokuja kufanya.

3.4 Muda wa kukaa

Muda ndio sharti linalovunjwa bila kukusudia kuliko mengine, kwa sababu hueleweka kuwa hesabu nyepesi. Chukua mfano wa "siku 90" na "miezi mitatu". Aliyeingia tarehe 1 Julai, siku hiyo ikihesabiwa kuwa ya kwanza, humaliza siku 90 tarehe 28 Septemba. Akidhani amepewa miezi mitatu, atapanga kuondoka tarehe 30, na atakuwa amezidisha siku mbili. Tangazo lililotafsiriwa kwa "miezi mitatu" mahali ambapo sheria inasema siku 90 limempotosha kwa siku hizo mbili.

Neno "hadi" pia linahitaji uangalifu. "Hadi miezi sita" huweka kikomo cha juu. Halisemi kwamba kila anayeingia amekwisha kupewa miezi sita. Kinachomfunga msafiri ni kile kilichoandikwa katika muhuri au pasi yake. Msafiri mwenye busara husoma muhuri kabla hajaondoka dirishani, maana ni rahisi kumuuliza ofisa aliyeugonga kuliko kumweleza mwingine miezi minne baadaye.

Hapa ndipo suala la njia za panya linapoingia. Katika miji ya mpakani, watu wa pande zote mbili ni ndugu, soko ni moja, na kichochoro ni kifupi kuliko foleni. Vituo vya pamoja vya mpakani, kama vile Namanga, Busia na Rusumo, vimerahisisha mambo kwa kuwaweka maofisa wa nchi mbili chini ya paa moja, ili msafiri agongewe wa kutoka na wa kuingia mahali pamoja. Hata hivyo, wako wanaopita pembeni wakisema hawana cha kuficha, maana viza haihitajiki. Wanachokosa ni muhuri. Bila muhuri hakuna tarehe ya kuingia, na bila tarehe ya kuingia hakuna muda halali wa kukaa. Mtu aliyekuwa na haki ya miezi sita bure amejigeuza mtu asiye na hata siku moja.

4.0 Uamuzi wa mpakani na mipaka yake

Hata baada ya maswali yote matano kujibiwa, ofisa uhamiaji hubaki na mamlaka ya kukataa. Kifungu cha 7 cha Itifaki kinaruhusu nchi mwenyeji kuwekea mipaka uhuru wa kusafiri kwa sababu za sera ya umma, usalama wa umma au afya ya umma. Swali ni iwapo mamlaka hayo yana kikomo.

Jibu lilitolewa na Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki katika kesi ya Samuel Mukira Mohochi dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Uganda. Tarehe 13 Aprili 2011 Mohochi, mwanasheria raia wa Kenya, aliwasili Entebbe akiwa miongoni mwa ujumbe wa wanasheria kutoka Nairobi. Alizuiwa peke yake, na shirika la ndege likapewa notisi ya kumrudisha kama mhamiaji aliyepigwa marufuku. Alirejeshwa Kenya siku hiyo hiyo bila kuelezwa sababu. Uganda ilijitetea kwa mamlaka yake kama dola huru ya kuamua nani aingie. Katika hukumu ya tarehe 17 Mei 2013, Mahakama iliona kwamba nchi mwanachama inabaki na uwezo wa kumkatalia raia wa nchi nyingine mwanachama, lakini uwezo huo sharti utumike kwa kufuata Mkataba na Itifaki. Kumkatalia mtu bila kumpa sababu wala nafasi ya kusikilizwa kulikuwa ukiukaji.

Hukumu hiyo ina mafunzo mawili kwa mada hii. La kwanza ni kwamba Mohochi hakuhitaji viza, na bado alirudishwa. Msamaha wa viza haukumkinga. La pili ni kwamba alichokuwa nacho kilikuwa kizito kuliko viza, yaani haki inayotokana na mkataba. Mtalii anayepokewa kwa tangazo la serikali moja amepewa hisani, na hisani huweza kuondolewa kwa tangazo jingine. Raia wa Jumuiya anayepokewa kwa Itifaki ana haki ya kuuliza sababu, na kuipeleka mahakamani. Wote wawili husemwa kuwa wameingia "bila viza", ilhali mmoja amekaribishwa na mwingine amestahili.

5.0 Kazi ya Kiswahili

Mkutano wa Wakuu wa Nchi wa Februari 2021 uliidhinisha Kiswahili na Kifaransa kuwa lugha rasmi za Jumuiya pamoja na Kiingereza. Lugha rasmi hupimwa mahali ambapo mwananchi hukutana na dola, na dirisha la uhamiaji ni mojawapo ya mahali hapo. Sehemu kubwa ya sheria, fomu na mihuri inayohusika bado iko kwa Kiingereza, na msafiri huyapata masharti kwa Kiswahili cha mdomo: cha kondakta, cha wakala wa safari, cha jamaa aliyewahi kwenda. Kiswahili hicho kina ufasaha wake, lakini hakitofautishi mambo ambayo sheria inayatofautisha.

Upo uwezekano wa kuweka mpangilio mwepesi. Neno "viza" libaki kwa hati ya ukaguzi wa mapema au wa mpakani inayoitwa hivyo na sheria. "Idhini ya kusafiri" itumike kwa ombi la kielektroniki lisilo viza. "Pasi ya mgeni" iwe ile ruhusa ya kuingia na kukaa inayotolewa na ofisa mpakani. "Kibali" kiachiwe ukaazi na kazi. Kwa mpangilio huo, sentensi "raia wa Jumuiya hahitaji viza wala idhini ya kusafiri, lakini hupewa pasi ya mgeni, na akitaka kazi huomba kibali" inaeleweka mara moja, na kila neno lina kazi yake. Vivyo hivyo, "cheti cha chanjo" na "bima ya gari ya COMESA" vitajwe kwa majina hayo, badala ya kadi mbili za rangi moja.

Aidha, tangazo lolote la kuondoa viza likitolewa kwa Kiswahili linaweza kuambatanishwa na majibu mafupi ya maswali matano: ombi, hati, afya na mizigo, kusudi, na muda kwa idadi ile ile ya siku au miezi iliyomo katika sheria. Mistari mitano haitarefusha habari ya redio kupita kiasi, na inaweza kumwokoa msikilizaji safari ya bure.

6.0 Hitimisho

Makala haya yamefafanua kwamba kuingia bila viza ni kuondolewa kwa ukaguzi mmoja uliotangulizwa, na wakati mwingine ni kubadilishwa kwa jina lake tu. Hati, afya, mizigo, kusudi na muda hubaki kuwa masharti kamili, na uamuzi wa ofisa hubaki palepale, ingawa kwa raia wa Jumuiya uamuzi huo umewekewa mipaka na Mahakama. Katika desturi za Waswahili, mlango ulio wazi haumwondolei mgeni wajibu wa kupiga hodi, wala mwenyeji haki ya kuuliza ni nani. Nchi za ukanda huu zimeendelea kuifungua milango yao, na hilo ni jambo la heri. Kilichobaki ni kumweleza msafiri, kwa lugha anayoielewa na kabla hajafunga mizigo, atakachoulizwa akisimama kizingitini.